Taa ya Hewa na Siku Nne za Ziada

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu, Bi Tatu. Siku ya tatu ya msiba, nimekaa mkekani nachambua mchele na wanawake wenzangu, nikamsikia binti mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake: "Si ndiye huyu? Yule ambaye marehemu alimfungia ndani mpaka akakosa kwenda Ulaya." Wakanitazama kwa huruma, na mie nikajifanya kiziwi, nikaendelea kuokota chuya. Hadithi hiyo ina zaidi ya miaka thelathini sasa, na Tandika nzima inaijua. Nimeisikia ikisimuliwa mbele yangu misibani, harusini, hata kwenye foleni ya hospitali, na sijawahi kuikatiza hata siku moja. Leo naikatiza. Nilizaliwa wapi na nani alinilea hayo hayana faida hapa, tuyaache. Naanza na chumba.

Kilikuwa chumba cha pili kulia ukiingia, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Kitanda cha futi nne kwa sita, kabati, meza, na dirisha moja la nondo lililotazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu mbele yake, kwa hiyo ukifungua dirisha ulikuwa unafungulia ukuta. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wangu Saidi aliondoka kwa malaria iliyompanda kichwani, siku tatu tu, mtu na uzima wake, na mie nikawekwa eda humo humo: miezi minne na siku kumi. Nguo nyeupe mbili, moja mwilini, moja kwenye kamba. Hakuna wanja, hakuna udi, hakuna mafuta ya kunukia. Vioo vyote vya nyumba viligeuzwa uso ukutani, mpaka kile kidogo cha Saidi cha kunyolea ndevu. Nikitaka kwenda uani, lazima wifi yangu Zuhura atangulie kuchungulia kama hakuna mwanamume. Zuhura alikuwa rika langu, fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa chumba cha jirani. Ukuta wa katikati haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila walichosema wateja wake kiliruka juu na kunidondokea mie kitandani. Nilijua nani kaachwa, nani kaongezewa mke mwenza, na nani gauni limembana kiunoni kwa sababu asizotaka mama yake azijue. Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyeniletea chakula, asubuhi chai ya rangi na mihogo, mchana ugali na mchuzi wa samaki ng'onda au wali na kisamvu, na alikaa mlangoni mpaka nimalize. Aliamini mjane akiachwa ale peke yake humeza machozi na tonge. Alinipenda, nalisema hilo mapema. Na mie nilikuwa nabanwa kifua, jamani, nilikuwa nakosa hewa humo ndani. Kuna siku nilishika nondo za dirisha nikatamani kuzitafuna.

Juu ya meza kulikuwa na kitu ambacho Bi Tatu alikiita "dude la marehemu." Mie na Saidi tulikuwa mafundi wa maabara katika chuo kimoja mjini, alinichumbia katikati ya chupa za asidi. Mwaka mmoja kabla, aliokota gazeti kuukuu la kisayansi lililoeleza namna ya kutengeneza leza bila gesi ya kununua na bila bomba la kioo, leza ya hewa hii hii tunayovuta. Akapagawa. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa kila takataka ya dunia, na Saidi akawa hapiti kwa fundi redio bila kutoka na kitu mfukoni. Dude lenyewe lilikuwa hivi: bamba la chuma chini, karatasi ya plastiki juu yake, na juu ya plastiki vipande viwili vya foili vilivyolala sambamba. Kila foili imekaliwa na rula ya chuma, na makali ya rula mbili yanatazamana, yameachana kwa upana wa punje ya mtama. Kando, umeme mkali kutoka kwenye transfoma ya televisheni iliyokufa. Umeme unajaa kwenye foili, unajaa, unajaa, halafu cheche inaruka pembeni na umeme wote unamwagika kati ya rula mbili kwa mkupuo. Humo katikati hakuna kitu ila hewa, na sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Mkupuo ukiwa wa haraka ya kutosha, molekuli za naitrojeni zinapandishwa juu zote kwa pamoja kabla hazijapata nafasi ya kushuka moja moja. Ya kwanza ikishuka, mwanga wake unaigusa ya pili, nayo inatoa mwanga ule ule, upande ule ule, na ya tatu, na ya elfu, mpaka mwale unatoka kwenye ncha ya rula. Ukichelewa kidogo tu, unapata cheche na kelele basi, kama ya kiberiti. Yetu ilikuwa kelele. Miezi kumi, kelele tupu. Saidi alishikilia kwamba tatizo ni kioo, kwamba kioo cha mwisho wa rula hakijakaa sawa, na kila Jumapili alikuwa akikisogeza upana wa unywele, akiapa kwamba leo ndiyo leo.

Wiki ya tano ya eda alikuja Mwalimu Mushi, mkuu wetu wa maabara, mtu wa Kilimanjaro, mpole, mwenye kuvaa tai hata kwenye jua la Temeke. Hakuweza kuniona. Alikaa koridoni kwenye kiti, mie ndani nyuma ya pazia, Bi Tatu katikati yetu kwenye mkeka kama mshenga.

"Pole sana, mama," akasema. "Nimekuja kwa rambirambi, na nina neno moja kwa Mwanaidi, ukiniruhusu."

"Sema, mwanangu. Anakusikia. Kujibu atanijibu mie."

"Kuna wageni watatu wanakuja chuoni kutoka ng'ambo. Wanachukua fundi mmoja akasomee mambo ya leza, miaka miwili. Nafasi ile nilimwekea Saidi. Sasa nasema, kazi ile walifanya wawili. Mwanaidi akija na kile chombo, kikawaka, akakieleza kwa mdomo wake, nafasi ni yake. Lakini ni Jumamosi moja tu, wiki ya pili ya Novemba. Siwezi kuwaomba wabadilishe siku."

Nilimsikia Bi Tatu akihesabu kwa sauti ya chini. "Mwanaidi," akaita, "eda yako inakwisha lini?"

Hapo lazima nieleze, maana kosa lote limelala hapa. Bi Tatu alikuwa mtu wa mwezi. Maisha yake yote alihesabu eda, arobaini na mimba kwa mwezi wa angani, kwa mifungo, yaani miezi inayohesabiwa tangu Ramadhani iishe, kama wazee wa pwani wote. Lakini mwaka ule macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mwezi mwandamo hakuuona tena, na haya ilimzuia kuuliza majirani. Ukutani palikuwa na kalenda mpya ya rangi, zawadi ya duka la vipuri, yenye picha ya gari jekundu. Siku ya pili ya msiba alinipa kalamu, akaniambia, "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, tia alama." Nikahesabu miezi minne ya kalenda, Julai mpaka Novemba, na siku kumi juu yake, nikazungushia duara Jumatano. Sikukusudia ubaya. Nilikuwa mtoto wa shule ya serikali, kichwani mwangu mwezi ulikuwa Julai na Agosti, na nilihesabu huku machozi yananitoka.

"Jumatano baada ya Jumamosi hiyo," nikajibu. Nikamsikia Mwalimu Mushi akishusha pumzi. Akasema atatuma gari Jumamosi asubuhi vyovyote vile, pengine Mungu atafanya njia. Bi Tatu akasema Mungu hafanyi njia kwenye eda, mwanangu, kunywa chai.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonipeleka mezani. Nikataka lile dude liwake hata kama hakuna wa kuliona. Bi Tatu hakunizuia. Alisema mikono ya mjane ikikaa bure kichwa hutembea. Sharti lake lilikuwa moja: kioo kitoke. Kioo ni kioo hata kikiwa kidogo kama ukucha, na mke wa eda hakai mbele ya kioo. Tukabishana. Nikamwambia mama, hiki si cha kujitazamia, ni cha mwanga. Akasema, "Na uso wako ni wa nini, si mwanga huo huo unaokwenda ukarudi?" Loh! Nikaking'oa, nikamkabidhi, akakiviringisha kwenye leso.

Basi bila kioo nikawa sina cha kusogeza. Nikabaki natazama vile vilivyobaki: rula, foili, waya. Na nilipozitazama hizo waya kwa siku kadhaa, nikaona ujinga wetu. Cheche ilikuwa mbali mno. Saidi aliiweka mwisho wa waya ndefu ili asitie vidole, na umeme ulikuwa unasafiri mwendo wote ule. Ukifika kwenye rula umeshachoka na kuchelewa. Nikakata waya. Cheche nikaileta juu ya foili yenyewe. Nikanyoosha makali ya rula kwa tupa, nikisikiliza Zuhura akibishana na mteja kuhusu mikunjo ya bega. Umeme wenyewe ulikuwa wa mgao, siku unakuja saa nane mchana, siku hauji. Siku uliokuja, nikatundika kanga dirishani kuzuia mwanga, nikawasha. Ta! Ta! Ta! Harufu kali ikatanda, ile inayobaki mvua ya radi ikipita. Na kwenye kamba, kwenye nguo yangu nyeupe ya eda iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, pakatokea alama ya buluu, ndogo kama mbegu ya papai, inawaka kila cheche ikilia. Mwale wenyewe hauonekani kwa jicho. Sabuni ile ya unga ndiyo inayoumeza na kuurudisha buluu. Nikaweka kiganja katikati, alama ikapotea nguoni. Nikatoa, ikarudi. Hakukuwa na kioo popote. Hewa ilikuwa imewaka yenyewe, kwa pumzi moja, kutoka upande mmoja wa rula hadi mwingine.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, njoo!"

Alikuja mbio akidhani nimeungua. Nikamsogeza karibu na nguo, nikamgeuza asije akatazama mdomo wa mwale. Alikaza macho yake yale yenye ukungu. "Ile buluu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Ndiyo iliyokuwa inamkosesha mwanangu usingizi?"

"Ndiyo."

Akakaa kitandani. "Piga tena," akasema. Nikapiga. "Tena." Tangu siku ile, kila umeme ukija mchana alikuja na kigoda chake, akakaa, tukapiga mpaka umeme ukatike. Mara moja tu alisema, "Ukiondoka na hili nitabaki na nini, mwanangu?" kisha akacheka mwenyewe akasema nisimsikilize, mzee huropoka.

Wiki tatu kabla ya ile Jumamosi, mteja alikuja kwa Zuhura na kitambaa cha harusi. Zuhura akamuuliza anaitaka nguo lini. "Harusi ni Jumamosi, mosi mfungo nane," akasema yule dada. "Mwezi ukiandama Alhamisi, itakuwa tarehe pili. Vyovyote, Jumamosi tumeshatoka mfungo saba. Usinitie aibu, fundi." Nilikuwa nimelala chali natazama mabati. Mfungo saba. Saidi alikufa ishirini mfungo tatu; nilikumbuka, kwa sababu Idi ya kuchinja ilikuwa ndiyo kwanza imepita na nyama ilikuwa bado imeanikwa uani. Miezi minne ya mwezi wa angani inaishia ishirini mfungo saba. Ongeza siku kumi. Mfungo saba ukiisha, eda imekwisha. Ijumaa jua likizama nitakuwa huru, Jumamosi asubuhi naweza kutoka kwenye mlango ule na kupanda gari, na hakuna shehe wala bibi kizee wa kunyoosha kidole. Nilihesabu mara nne. Nikainuka nikaenda mpaka kwenye pazia ili nimwite mama.

Sikumwita. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nikasema keshokutwa. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini, na majibu ninayo, hayanipendezi. Chumba kile nilikichukia, wallahi, nilichukia mpaka harufu ya chokaa yake. Lakini humo ndani Saidi alikuwa bado ametoka kidogo tu, atarudi aulize koleo liko wapi. Nje alikuwa amekufa. Na wale wageni wangeuliza, ilikuwaje haikuwaka miezi kumi? Ningewajibu nini? Kwamba mume wangu alikosea, na ilikuwa lazima afe na kioo chake king'olewe ndipo iwake? Ningesimama mbele za watu nijenge maisha yangu juu ya kosa lake? Halafu, tuache kupamba, niliogopa. Niliogopa ndege, baridi, Kiingereza, wazungu watatu mezani. Eda ilikuwa imenipa udhuru ambao hakuna mtu Tandika angeupinga, na nikajificha nyuma yake.

Jumamosi gari la chuo lilikuja saa mbili asubuhi. Nililisikia linapiga honi nje. Dereva akaamkia barazani, "Shikamoo, mama. Nimetumwa na Mwalimu." Bi Tatu akaja mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa amejifunga kanga ya kutokea, na nilipomtazama vizuri nikaona ameshika leso yenye kile kioo. Alikuwa amekuja kunirudishia. Usiku wote, Zuhura aliniambia baadaye, alikuwa hajalala, anajiuliza kama Mungu atamhukumu.

"Mwanaidi," akasema taratibu, "wewe ndiye unayehesabu. Zimebaki ngapi?"

Alama ilikuwa pale ukutani, chini ya gari jekundu. Bi Tatu angeweza kuniambia, toka, mie nabeba dhambi. Nadhani ndivyo alivyotaka kusema kama ningetaja moja, au mbili. Nikamtazama usoni, mwanamke ambaye hakuweza tena kuuona mwezi.

"Nne, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, akageuka, akaenda kumwambia dereva arudi, mtoto bado yumo edani. Gari likaondoka. Nikakaa mezani nikatazama rula zangu. Zuhura aliingia, akanikumbatia, akalia yeye, mie sikulia.

Jumatano alikuja bibi mmoja wa mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa akiwaogesha wake wa eda. Aliweka ndoo chini, akauliza marehemu alikufa mfungo gani na tarehe ngapi. Zuhura akamjibu. Yule bibi akakunja vidole, akakunjua, akashika kiuno. "Ala! Tatu, umechanganyikiwa? Huyu katoka eda tangu Ijumaa! Mmemhesabia kwa kalenda ya dukani?" Bi Tatu alikaa chini pale pale uani, kwenye majimaji. Hakunitazama, hakusema "ni yeye aliyetia alama," na angeweza kusema, ilikuwa kweli. Alisema, "Kosa langu. Mie ndiye mkubwa wa nyumba." Nilisimama na nguo yangu nyeupe, nikanyamaza. Ndipo hadithi ilipozaliwa, jioni ile ile ilikuwa imeshafika sokoni.

Nafasi alichukua kijana mwingine, sina kinyongo naye. Mie nikawa fundi wa maabara ya sekondari huko Kipawa mpaka nilipostaafu, nikawaonyesha watoto cheche na rula, nikaolewa tena, nikazaa. Juzi mpwa wangu alinisomea kwenye simu yake kwamba siku hizi hawahitaji rula wala foili. Wanaupiga hewani mpigo wa leza mfupi mno, mfupi kuliko cheche yetu mara maelfu na maelfu, na hewa yenyewe, mbali kule, inawaka na kurudisha leza kwao, bila kioo. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikaenda jikoni nikajifanya natazama maharage.

Na hili ndilo ambalo watu wa msibani hawalijui. Miaka miwili kabla hajafa, Bi Tatu aliniita. Alikuwa amelala, haoni kabisa, mkono umebaki mifupa. Zuhura alitoka kwenda kukoroga uji, tukabaki wawili. "Mwanangu," akasema, "zile siku nne. Kila ninaposali nakumbana nazo. Nilikuharibia maisha kwa macho yangu mabovu. Niwie radhi kabla sijaenda." Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno nilikuwa nayo, machache tu: nilijua, mama, nilijua wiki tatu kabla. Alikuwa amenigeuzia uso anasubiri. Nikaona nikisema, nitakuwa mie ndiye wa kuomba radhi, na huenda asinipe.

"Nimekuwia radhi, mama," nikasema.

Akaubusu mkono wangu, akanishukuru.